Rezidenti wa tiba ya dharura tunampimaje: kwa fomu au kwa kumtazama akifanya kazi?

Bingwa wa Zamu

Wakuu, habari za leo. Mimi ni daktari bingwa wa tiba ya dharura katika hospitali moja hapa Dodoma ambayo sitaitaja, na tangu mwaka jana nimekabidhiwa uratibu wa mafunzo ya madaktari rezidenti, yaani wanaosomea ubingwa, wanaopita katika idara yetu. Naomba msaada wa mawazo kwa wale waliotangulia katika kazi hii, na pia kwa wale wanaoiona kutoka upande mwingine, yaani wauguzi na marezidenti wenyewe.

Kila rezidenti anapomaliza rotesheni, yaani kipindi chake cha mafunzo katika idara, mimi na mabingwa wenzangu hujaza fomu yenye vipengele tisa, na kila kipengele hupewa alama kuanzia moja hadi tano. Nilipoketi kupitia fomu za mwaka mzima nilikuta kwamba karibu kila mtu amepata nne. Aliye hodari ana nne, wa kawaida ana nne, na yule ambaye wauguzi huombeana wasipangwe naye zamu ya usiku naye pia ana nne. Mahali pa maoni pameandikwa "mchapakazi", "ana heshima", "aendelee hivyo hivyo". Ukifunika majina, huwezi kujua ni fomu ya nani.

Kilichonisukuma kuandika ni tukio la miezi michache iliyopita. Kijana wa bodaboda aliyegongwa kwenye barabara ya Singida aliletwa usiku akihema kwa shida, mishipa ya shingo imetutumka, upande mmoja wa kifua hauingizi hewa, na presha inashuka. Rezidenti aliyekuwepo ni mmoja wa wenye nne na nusu. Wiki iliyotangulia nilimwuliza jambo hilohilo katika mtihani wa mdomo, naye akanijibu bila kusita kwamba hewa iliyonasa kifuani hadi kuubana moyo hutambuliwa kwa macho, mikono na masikio, na kwamba kifua hutobolewa papo hapo bila kusubiri picha. Usiku ule aliagiza eksirei. Muuguzi ndiye aliyenipigia simu; nilikuwa jengo la jirani, nikafika, nikatoboa, hewa ikatoka kwa sauti, na kijana akapona.

Sitaki kumlaumu rezidenti peke yake, kwa sababu mimi ndiye niliyesaini kwamba anaweza. Swali langu ni hili: katika idara yenye wagonjwa wengi na mabingwa wachache, tunapimaje umahiri wa rezidenti ili alama tunayoandika iwe na maana, na upimaji huohuo umfundishe badala ya kumhesabia tu?

Mzee wa Nkuhungu

Daktari, pole kwa usiku huo. Nilifundisha udaktari kwa zaidi ya miaka ishirini kabla sijastaafu, na nakiri kwamba nami nilijaza nne nyingi sana. Nne ni alama ya mtu asiyetaka ugomvi: haimuudhi mwanafunzi, haimwiti mkuu wa idara kuuliza maswali, na wala haimlazimu aliyeijaza kukumbuka aliona nini.

Mwaka 1990 mwalimu wa udaktari wa Marekani, George Miller, aliuchora umahiri kama piramidi ya ngazi nne. Chini kabisa yupo anayejua; juu yake anayejua namna ya kufanya; kisha anayeonyesha kwamba anaweza; na kileleni anayefanya kweli akiwa kazini. Mtihani wako wa mdomo uligusa ngazi ya pili, lakini kijana wa bodaboda aliuliza swali la ngazi ya nne. Hata mtihani wa vituo, huu ambao wanafunzi wetu wanauita oski na ambao Ronald Harden na wenzake waliuanzisha Dundee mwaka 1975, unafika ngazi ya tatu tu, kwa kuwa mwanafunzi anajua kwamba anatazamwa, anajua kwamba kituo hiki kina jibu, na hakuna ndugu wa mgonjwa anayelia mlangoni. Ngazi ya nne haina karatasi yake. Inahitaji mtu asimame kando ya kitanda, anyamaze, na atazame.

Jambo la pili ni swali lenyewe ambalo fomu inauliza. Ukiniuliza "elimu yake ya tiba ni ngapi kati ya tano", nitakupa hisia zangu juu ya mtu huyo kwa jumla: kama ni mpole na anawahi zamu, atapanda katika vipengele vyote tisa, hata vile ambavyo sijawahi kumwona akivifanya. Mholanzi Olle ten Cate alipendekeza mwaka 2005 kwamba tuache kupima sifa za mtu na badala yake tutaje kazi halisi, kisha tujiulize ni kwa kiasi gani tunaweza kumkabidhi. Kazi hiyo iwe, kwa mfano, kumpokea majeruhi wa ajali na kumsimamia kwa nusu saa ya kwanza. Ngazi za kukabidhi ni tano: atazame tu, afanye nikiwa nimesimama hapo, afanye nikiwa karibu na aniite akihitaji, afanye mwenyewe, na mwisho, awasimamie wengine. Mimi nimekulia Bahi, katika mifugo. Kwetu hakuna mzee aliyemwachia mtoto ng'ombe kwa sababu mtoto huyo ana heshima. Alimwachia baada ya kumwona mara kadhaa akiwarudisha zizini jioni bila kupungua hata mmoja.

Kwa hiyo futa moja hadi tano. Weka swali hili: "Kwa nilichokiona leo, je, usiku wa leo ningeweza kulala nyumbani huku yeye akiwa na mgonjwa wa aina hii?" Utaona jinsi nne zitakavyoyeyuka.

Tahadhari moja kabla hujatengeneza orodha ndefu ya kuwekea vema. Orodha humfaa anayeanza, lakini humwadhibu aliyekomaa. Daktari mzoefu huuliza maswali matatu akafika, na orodha yenye maswali ishirini itampa alama chache kuliko mwanafunzi aliyeuliza yote bila kuelewa majibu. Orodha ibaki kwa mambo ambayo hatua yake moja ikirukwa mtu anakufa, kama maandalizi ya kuingiza mpira wa hewa kooni.

Sista wa Triaji

Madaktari wangu, shikamooni. Mimi ni muuguzi wa idara ya dharura, mwaka wa kumi na moja huu, na ninasoma mnavyotafuta nani atazame wakati watazamaji mnao. Bingwa anakuja asubuhi kwenye raundi, rezidenti anamsomea mgonjwa kwa Kiingereza kizuri, bingwa anatikisa kichwa, basi. Sisi ndio tuliokuwa naye saa nane usiku.

Katika miaka yote hiyo sijawahi kuombwa kuandika neno juu ya rezidenti yeyote. Ningeombwa, nisingeandika kuhusu elimu yake ya magonjwa, kwa sababu hiyo si kazi yangu kuipima. Ningeandika jinsi anavyotoa maagizo. Yupo anayepiga kelele hewani, "Leteni adrenalini!", na watu wanne wanakimbia kabatini au hakimbii hata mmoja. Yupo anayenitazama, ananitaja jina, anasema, "Sista, adrenalini miligramu moja kwenye mshipa," nami namrudishia, "Adrenalini miligramu moja, nimetoa, saa saba na dakika kumi," na yule anayeandika anaandika. Moyo uliosimama unahitaji dozi hiyo kila baada ya dakika tatu hadi tano, na kama hakuna aliyesema kwa sauti kwamba ya kwanza imeingia saa ngapi, ya pili itatolewa kwa kubahatisha. Hilo nimeliona, na mtihani wa mdomo hauwezi kulionyesha.

Ningeandika pia jinsi anavyozungumza na ndugu. Juzi bibi mmoja kutoka vijijini aliambiwa kwamba mumewe "ana seveya sepsisi, tunamsteibilaizi". Bibi akaitikia "ndiyo, mwanangu", kisha akanigeukia kuniuliza kama mzee amekufa. Rezidenti huyo huyo angemwamkia kwanza kwa Kigogo, "mbukwenyi", na kumwambia kwamba maambukizi yameingia kwenye damu na presha imeshuka, isingemchukua dakika mbili. Mnaita mawasiliano, lakini mnayapima kwa lugha ambayo mgonjwa haijui.

Lakini niseme na upande wetu. Mkitupa fomu ya wazi ya "toa maoni yako", wengine tutalipizia kisasi kwa aliyetujibu vibaya mwezi uliopita. Tuulizeni mambo mahususi ambayo tumeyaona, na maoni ya mtu mmoja yasimhukumu mtu.

Mwaka wa Tatu

Naomba nami nichangie, kwa heshima, kwa kuwa ndiye ninayepimwa. Nasoma mwaka wa mwisho wa uzamili wa tiba ya dharura. Najua kwamba fani hii kwetu bado ni changa: idara kamili ya kwanza ya dharura katika hospitali ya umma ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, mafunzo ya ubingwa yakaanza Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili mwaka huohuo, na mabingwa wa kwanza wakahitimu mwaka 2013. Walimu wetu wengi wana umri wa kaka na dada zetu, na hawakuwa na mtu wa kuwaonyesha jinsi ya kutupima. Silaumu.

Hata hivyo, Mzee wangu, kutazamwa nako kuna shida zake. Ya kwanza ni kwamba kila anayetutazama anatutazama ili atukosoe, na hutukosoa palepale, mbele ya mgonjwa, ndugu zake na wanafunzi wa mwaka wa nne. Baada ya hapo mgonjwa hakuamini tena, na wewe mwenyewe unatumia zamu nzima ukijilinda badala ya kufikiri. Rezidenti aliyeaibishwa mara moja kwa kuuliza hatauliza mara ya pili; ataagiza eksirei, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufokewa kwa kuagiza eksirei. Simtetei mwenzangu wa usiku ule, ila ninaijua njia aliyopitia hadi kufika pale.

Ya pili, mkisema kila rezidenti atafute bingwa wa kumtazama na kumjazia kadi, tutachagua wagonjwa. Nimefanya hivyo: nilimwita mwalimu wangu anitazame nikishona kidonda, kazi ninayoifanya nikiwa nimefumba macho, na siku niliyokuwa na mtoto mwenye degedege isiyokoma sikumwita mtu wa kunijazia chochote. Kama kadi inahesabika kwenye alama za mwisho, ni nani atakayejianika udhaifu wake kwa hiari? Tenganisheni kadi ya kunifundisha na karatasi ya kunihukumu, na anayetazama ndiye achague mgonjwa.

Mrejesho mzuri kuliko wote niliowahi kupewa ulichukua dakika tatu hivi, kwenye korido, kwa Kiswahili. Mwalimu aliniuliza, "Ulipoona presha imeshuka uliwaza nini?" Nikamweleza. Akasema, "Uliwaza vizuri, ila ulichelewa dakika nne kwa sababu ulikwenda kutafuta kanula, mrija wa kuweka kwenye mshipa, mwenyewe. Ukiwa kiongozi wa timu, mikono yako ibaki mitupu." Mpaka leo nikijikuta nimeshika kanula naisikia sauti yake.

Daktari wa Mpwapwa

Nimesoma yote na nina ubishi kidogo. Mnazungumza kama vile rezidenti huyu atabaki maisha yake yote mahali penye skani na maabara ya saa ishirini na nne. Mimi niko wilayani, ni daktari wa kawaida, si bingwa, na dharura zote za hapa zinapitia mikononi mwetu. Nilipata mafunzo ya msingi ya huduma za dharura yaliyotengenezwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, yaliyotolewa mwaka 2018 baada ya kujaribiwa katika nchi kadhaa, yetu ikiwemo. Ni mafunzo ya siku chache tu: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha mvue nguo umkague mwili mzima. Yule kijana wa bodaboda angetambuliwa katika hatua ya pili. Kwa hiyo, kabla ya piramidi na ngazi za kukabidhi, mtazameni rezidenti kama anafuata mpangilio huo kwa kila mgonjwa, hata anayeonekana mzima. Wanaoruka hatua ni wengi kuliko mnavyodhani, na wanaoruka zaidi ni wale wenye vyeti vingi.

Pili, pimeni mambo ya kanda hii ya kati. Nitatoa mfano mmoja ambao kila anayemfundisha rezidenti anaweza kuufanya wiki hii bila shilingi moja. Aliyeumwa na nyoka anahitaji kipimo cha kuganda kwa damu cha dakika ishirini: mililita mbili hivi za damu iliyotoka sasa hivi mshipani, kwenye chupa safi na kavu ya kioo, iachwe bila kuguswa kwa dakika ishirini, kisha iinamishwe mara moja kuona kama imeganda. Kila rezidenti atakujibu hivyo. Sasa simama umtazame. Mmoja ataweka damu kwenye chupa ya plastiki, ambayo haichochei kuganda kama kioo. Mwingine ataichukua na kuitikisa kila baada ya dakika tano ili "aangalie". Wa tatu ataiacha hapo, ataitwa kwingine, na ataikumbuka baada ya saa nzima. Watatu hao wangepata alama sawa kwenye karatasi.

Mfano mwingine ni sumukuvu. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua na wengine wakafariki kwa kula mahindi yenye kuvu. Watu wa nyumba moja wanakuja na macho ya njano, matumbo yanauma, wanatapika. Rezidenti anayeona mgonjwa mmoja wa manjano akaandika homa ya ini, na asiulize wengine nyumbani wakoje na mahindi yanahifadhiwa wapi, ana upungufu ambao fomu ya vipengele tisa haina mahali pa kuuandika.

Tatu ni rufaa. Ninapopiga simu Dodoma mjini saa tisa usiku, nikiwa na mama anayetoka damu na gari la wagonjwa limewashwa, rezidenti anayepokea simu ndiye daktari wangu bingwa kwa dakika hizo. Wengine huniuliza vipimo ambavyo wanajua sina. Wengine huniuliza mambo matatu, wananiambia nifanye nini kabla gari halijaondoka na nani aende naye njiani. Simu hiyo nayo ni kazi ya kukabidhiwa, Mzee, na sijasikia kwamba kuna anayewapima kwayo.

Bingwa wa Zamu

Nawashukuru sana. Nimejifunza zaidi kuliko nilivyotarajia, na nimeona aibu kidogo katika aya ya Sista.

Nimejadiliana na wenzangu wawili na haya ndiyo tutakayojaribu kuanzia rotesheni ijayo. Tumechagua kazi saba tu, miongoni mwake kumpokea majeruhi, kumsimamia mgonjwa ambaye moyo umesimama, kupokea simu ya rufaa, na kumpa ndugu habari mbaya kwa Kiswahili kinachoeleweka. Bingwa wa zamu atamtazama rezidenti mmoja kwa dakika kumi, mgonjwa akichaguliwa na bingwa, kisha watatoka nje na kuzungumza kwa dakika tano. Kadi itakuwa na mistari miwili ya maandishi na swali la kukabidhi, wala haitakuwa na alama. Muuguzi kiongozi wa zamu atakuwa na kadi yake yenye maswali matatu: je, maagizo yalimlenga mtu, je, alisikiliza alipoonywa, je, aliomba msaada kwa wakati.

Kadi moja haitamhukumu mtu. Mtu aliye hodari kwa majeruhi anaweza kuwa mbovu kabisa kwa mtoto anayebanwa kifua, kwa hiyo vipindi vifupi kumi vyenye wagonjwa na watazamaji tofauti vinasema mengi kuliko kirefu kimoja. Marekani, tangu Julai 2013, programu za ubingwa wa dharura zinatakiwa na baraza linaloziidhinisha, ACGME, kuunda kamati ya walimu inayokutana kila nusu mwaka, kusoma ushahidi wote juu ya kila rezidenti na kuamua amefikia hatua gani. Kamati yetu itakuwa ya watu watatu na chai ya maziwa, lakini kazi itakuwa ileile: kadi ni za kufundishia, na uamuzi ni wa kamati baada ya kuona kadi nyingi. Natumaini Mwaka wa Tatu ataona kwamba tumemsikia.

Limebaki jambo moja gumu. Tukikutana na rezidenti ambaye kadi zote zinasema asiachwe peke yake, na amebakiwa na miezi minne ahitimu, na ana familia, na kila mtu anampenda, tunafanya nini? Wote tunajua kwamba tutakayempitisha atapelekwa mkoani, na huko hatakuwa na bingwa wa jengo la jirani.

Mzee wa Nkuhungu

Daktari, hilo lilinishinda mara mbili, na mara zote mbili sababu ilikuwa moja: nililijua mapema, nikanyamaza, nikaja kulisema mwishoni wakati hakuna tena muda wa kumsaidia. Mwalimu hushindwa kumfelisha mwanafunzi kwa kuwa hana maandishi. Ana hisia tu, na hisia hazisimami mbele ya bodi ya mitihani. Kadi zako zitakupa maandishi, lakini zisome mwezi wa pili, usisubiri wa kumi na mbili. Mwite, mwambie wazi ni kazi ipi hajakabidhiwa na kwa nini, mpe mtu mmoja wa kusimama naye katika kazi hiyohiyo, na mweke kwenye mdoli wa mazoezi kila wiki. Kama hakuna mdoli, paja la kuku wa sokoni linatosha kumfundisha kutoboa mfupa ili kupitisha maji. Mwandikie tarehe ya kutazamwa upya. Wengi hunyooka wakiambiwa mapema.

Asiyenyooka aongezewe muda. Mwambie mwenyewe, faraghani, kabla hajasikia kwa watu.

Sista wa Triaji

Kadi hizo naomba zichapwe kwenye karatasi ngumu, na ziwe na ukubwa wa kuingia mfuko wa yunifomu. Fomu za safari iliyopita zilikaa kwenye droo ya ofisi ambayo hufungwa saa tisa na nusu alasiri, na wagonjwa wetu wazito huanza kuingia baada ya hapo.